Kuni Hukauka Miaka Miwili

Brenot-la-Côte
14 Oktoba 2016

Kwa Shangazi Attracta,

Salamu nyingi, na natumaini goti limetulia. Mimi mzima, ukiacha mgongo, na mgongo wangu unaujua: ulianza kulalamika nikiwa mwanafunzi, sikutegemea uache nikiwa na hamsini na mmoja. Paka mzima. Mvua imeanza. Kengele ya kanisa bado inapiga kila saa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya waliokosea kuhesabu mara ya kwanza, kwa hiyo asiyepata usingizi huku hujulishwa habari hiyo na kisha hukumbushwa. Bwana Jeannin, yule mwenye ng'ombe nyuma ya nyumba yangu, amenunua trekta jipya na sasa anapita mlangoni kwangu mara nyingi kuliko kazi inavyodai. Bibi Vuillemin, jirani wa upande wa pili, ametimiza themanini na tatu na ameninong'oneza kwamba hataki ijulikane. Amekinong'oneza kijiji kizima.

Barua yako ya Septemba nimeisoma. Nimeelewa: nyumba ya Derrinvoy ni yangu nikirudi kuishi nawe, nisiporudi, binamu Malachy anataka kujua kabla ya Pasaka, maana amepata mnunuzi, na wewe utakwenda kukaa kwa masista kule mjini. Wewe, Shangazi, kwa masista! Wewe uliyemwambia padri kwamba mahubiri yake yana mlango wa kuingilia lakini hayana wa kutokea! Lakini sitaki kukubana. Nyumba ni ndogo, na mimi na makaratasi yangu tunajaa popote. Tuliache hilo kwanza.

Nikupe kisa. Kila vuli huku Ufaransa hubandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi ya meya: anayetaka fungu lake la kuni katika msitu wa kijiji aje ajiandikishe. Kila kaya hupewa miti yake, imesimama bado, imetiwa alama ya rangi, na kila mtu anakata mwenyewe. Miaka tisa nimepita mbele ya ubao ule nikienda kununua mkate, na miaka tisa nimenunua kuni kwa mfanyabiashara wa mjini, mbichi kama saladi. Nilidhani msitu ni wa waliozaliwa hapa. Juzi nilikuwa kwa Bibi Vuillemin tunabangua jozi, akaniuliza:

"Na mwaka huu pia hutaki kuni?"

"Kuni zipi?"

"Za msituni. Si ulikataa?"

"Nilikataa lini?"

"Mwaka ule ulipohamia. Marehemu meya alikuja mlangoni kwako akakuuliza akuandike. Ukamwambia hapana, asante, msijisumbue kwa ajili yangu. Akarudi akatuambia, yule bibi wa Kiayalandi hataki."

"Lakini Bibi, hiyo ilikuwa hapana ya kwanza!"

Akaacha kubangua. "Kwani ziko ngapi?"

Nikamweleza malezi yetu: kwamba ukikaribishwa chai unakataa, unakaribishwa tena, unakataa kwa sauti ya chini kidogo, na mara ya tatu ndipo unasema haya basi, nusu kikombe, na kunywa birika zima. Alinisikiliza kama anayesikiliza habari za ugonjwa wa nchi za mbali.

"Na mtu akiwa hataki kweli," akasema, "anakataa mara ngapi?"

Nikabangua jozi nyingine. Nikamuuliza miaka yote hiyo waliniona mtu wa namna gani.

"Mgeni wa likizo," akasema. "Likizo ndefu."

Basi asubuhi yake nilikwenda kujiandikisha. Bibi Meya wa sasa hakuniuliza uraia wala kazi. Aliuliza kama dohani yangu inatoa moshi majira ya baridi. Hapa kaya huhesabiwa kwa moto, Shangazi, si kwa vichwa.

Mwanao,
Sorcha


Derrinvoy
9 Novemba 2016

Sorcha mwanangu,

Mungu awe nawe, na Mariamu, na Mtakatifu Patrisi kama ana nafasi. Goti limetulia, limehamia kwenye nyonga. Wiki iliyopita tumemzika Packie wa darajani. Alikuwa mtu mzuri. Angalau ndivyo tulivyosema wote, na mvua ikatuharakisha kabla hatujaombwa mifano. Binamu yako Malachy ameacha sukari na amekuwa mchungu kama alivyotarajiwa. Mwaka huu alikata udongo wetu wa kuwashia moto kule kinamasini, kidogo kuliko mwaka jana, na vipande vilipokauka akaja navyo kwa tela, akavimwaga ukutani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kwa ugomvi. Naviingiza ndani mwenyewe kwa ndoo. Ile ndogo. Moto upo. Usiku naufukia majivuni, asubuhi naufukua, kama alivyofanya mama yangu na mama yake, na haujazimika katika nyumba hii tangu niwe na akili, nami akili nilipata mapema.

Huyo Bibi Vuillemin ana busara, ila hakulelewa. Mtu akikubali chai mara ya kwanza, tutajuaje kama ana haya au ana kiu tu?

Umeniandikia kurasa tatu na habari za kazi yako hazimo. Nilikufundisha kusoma, Sorcha, nikiwa nimekupakata, baba yako akiwa kaburini mwezi mmoja. Nilikufundisha pia kusoma kisichoandikwa. Kazi ikoje?

Na hili lingine nalo uliliruka kama dimbwi. Basi nakuuliza mara ya pili: utarudi? Chumba chako kimepakwa rangi. Malachy amepaka, mimi nimesimamia nikiwa nimekaa. Usijali mambo ya kunibana. Mimi nilishawahi kulala chumba kimoja na dada watatu na kuku mgonjwa.

Jifunike kifua.

Shangazi yako,
Attracta


Brenot-la-Côte
12 Desemba 2016

Shangazi mpenzi,

Heri ya Noeli inayokuja, na pole kwa nyonga. Paka ameugua, amepona, ameniletea panya wa shukrani. Barafu imeshika. Natumia chumba kimoja tu, cha jikoni: nafanya kazi hapo, nakula hapo, na usiku nakaribia kulala hapo. Vyumba vingine nimevifunga. Nasikia mbao zake zikilia.

Umeuliza kazi. Haya. Unajua ninavyoishi: sina bosi, nina wateja, maana yake nina mabosi kumi na mmoja wasiojuana. Wananiletea vitabu vya maelekezo, vya mashine za kahawa, vya mashine za kukatia majani, mimi nawatafsiria kwa Kiingereza, hawaoni uso wangu wala mimi wao. Kazi inakuja Ijumaa jioni na inatakiwa Jumatatu asubuhi, na mtandao hukatika kila mvua inapopiga mlima. Hayo nilishayazoea. Sasa mashine ndiyo inayotafsiri, na mimi naletewa niirekebishe. Wanasema ni kazi nyepesi. Ni sawa na kumfuata mlevi nyuma ukiokota vitu anavyoangusha: kwa kweli hulimi, huchimbi, lakini jioni umechoka kuliko mkulima. Wateja kumi na mmoja sasa ni wanne. Nakuambia ili usihesabu wewe mwenyewe.

Ya furaha: tumepiga kura ya kuni. Namba zilikunjwa zikatiwa katika kofia ya Bwana Jeannin, ambayo ilikuwa bado na joto la kichwa chake. Yeye ni mmoja wa wadhamini watatu. Kijiji huchagua watatu kuapa kwamba kila mtu atakata alichopewa, hataiba cha jirani, na atakuwa ametoka msituni ifikapo katikati ya Aprili. Mimi nimepata fungu la saba. Wote wakaguna kwa huruma. Ni mteremkoni, juu ya kijito: miti myembamba kadhaa na mwaloni mmoja uliopinda kama mzee anayetafuta miwani.

"Unajua kutumia msumeno wa mashine?" Bwana Jeannin akaniuliza mbele ya watu.

"Nimetafsiri vitabu vyake vinne."

"Kwa hiyo mti ukikuangukia, utaweza kulia kwa lugha tatu."

Walicheka mpaka Bibi Meya akafuta macho. Nami nilicheka. Lakini nilipofika msituni, kila tahadhari ilinijia kwa namba yake. Ya kwanza, kofia. Ya nne, usikate kilicho juu ya bega. Ya tisa: usitumie chombo hiki ukiwa umechoka. Nikakaa juu ya gogo nikacheka peke yangu. Kwa sharti hilo dunia nzima ingelala mpaka mwezi wa tano.

Bwana Jeannin alinishikia miti mitatu ya mwanzo. Iliyobaki naikata mwenyewe polepole, Jumamosi, nikiwa nimevaa kila kitu kinachoagizwa na kitabu. Wawindaji wakipita wananiita rubani. Tunapasua, tunapanga, tunaweka alama. Kuni hizi hazichomwi mwaka huu wala ujao. Hukauka miaka miwili, ndipo zinaingia jikoni.

Kuhusu kurudi. Si kwamba sitaki, Shangazi. Sijui tu kama huu ndio wakati, na wewe una mazoea yako. Nisingependa uanze kupika kwa ajili yangu. Tuone baada ya mwaka mpya.

Mwanao anayenuka mafuta ya msumeno,
Sorcha


20 Februari 2017

Sorcha mwanangu,

Nimechelewa. Lawama ziende kwa posta, kwa theluji, na kwa Malachy, kwa mpangilio huo au wowote utakaokupendeza. Nashukuru kwa soksi za Noeli. Niko vizuri. Nakula. Kuna joto.

Nimesoma habari za kuni. Miaka miwili, ulisema. Hesabu ninaijua. Mtu hakati leo cha kuchoma mwaka wa keshokutwa kama ana sanduku la safari mlangoni.

Basi sikuulizi tena. Malachy nimemwambia asikusumbue. Endelea na mwaloni wako.

Attracta


Brenot-la-Côte
3 Machi 2017

Shangazi,

Uko wapi?

Samahani, nimesahau salamu. Salamu. Mimi mzima, paka mzima. Uko wapi?

Miaka tisa nimepokea barua zako, na miaka tisa, kabla sijazisoma, naziweka puani. Wewe hujui hili na lisikutie kiburi. Kila barua yako hunuka moshi wa udongo wa kinamasi, hata bahasha, hata stempu. Hutokea Bibi Vuillemin akawepo posta inapofika, akasema, "Ah, shangazi ameandika." Hii ya Februari imefika nikaiweka puani, inanuka sabuni. Sabuni ya waridi, na supu ya mtu mwingine. Tena juu hukuandika Derrinvoy. Hujawahi kuandika barua bila kuandika Derrinvoy. "Kuna joto," unasema. Tangu lini katika nyumba ile kukawa na joto bila habari za ndoo?

Nimekaa na karatasi ile jioni yote. Halafu nikaona lile jingine: hukuniuliza mara ya tatu. Uliuliza Septemba, nikazungukazunguka. Ukauliza Novemba, nikazungukazunguka tena, kama nilivyofunzwa, na ulinifunza wewe. Mara ya tatu ningesema ndiyo. Nadhani ningesema ndiyo. Nilikuwa naisubiri, Shangazi, na nilipoona haikuja niliona aibu kama mtu aliyekataa keki na sahani ikaenda.

Nitarudi. Nimeshamwambia Bwana Jeannin atafute wa kumalizia fungu la saba. Niambie tu uko wapi nijue mlango wa kugonga.

Sorcha


Nyumba ya Masista, Carrick
13 Machi 2017

Sorcha mwanangu,

Mungu awe nawe, na Mariamu, na Patrisi, ambaye wiki hii hana nafasi hata kidogo.

Pua hiyo ni ya bibi yako. Aliweza kunusa pombe kwa mtu kabla hajaamua kunywa.

Haya. Niliteleza. Sikuanguka, kuanguka ni kwa wazee. Ilikuwa baada ya Noeli, mlangoni, na ndoo mkononi. Ile ndogo. Nilikaa pale chini mpaka mwanamke wa posta alipokuja na soksi zako, kwa hiyo unaweza kusema zilifika wakati wake. Nyonga wameitia chuma. Malachy akanileta hapa nipumzike, na nimepumzika mpaka nimechoka. Ya Februari niliiandikia hapa kitandani. Sikuongopa: kweli kuna joto. Linatoka ukutani, kwenye mabomba, hakuna anayeliletea ndoo.

Masista si wabaya. Sista Perpetua ananishinda karata na simwoni akiiba, maana yake anaiba vizuri. Mwenzangu wa chumbani ni mwanamke wa Drumshanbo anayeongea na marehemu mumewe. Jana aliniomba nihukumu kati yao. Nilimpa ushindi marehemu.

Usirudi. Umefanya vizuri kuuliza, na mimi nakushukuru, lakini hapana. Una kazi zako, una msitu wako. Usijisumbue kwa ajili yangu.

Kula.

Shangazi yako


Brenot-la-Côte
22 Machi 2017

Shangazi mpenzi,

Pole. Pole mara nyingi. Ukiwa umekaa pale sakafuni mimi nilikuwa msituni najisifu kwa lugha tatu. Sitaandika zaidi kuhusu hilo maana karatasi italowa, na ni karatasi nzuri.

Huku theluji imeyeyuka, kila kitu ni matope. Wateja sasa ni wawili. Mmoja ni kiwanda cha jibini cha hapa bondeni, wananitaka niwaongoze watalii wa Kiingereza katika pango la jibini majira ya joto. Nitasimama kwenye baridi nikisema "hukaa kuiva miezi kumi na minane" mara nyingi kwa siku. Wa pili ni mume na mke Waholanzi wa kijiji cha chini, wanaoniletea barua zao za serikali niwasomee. Wananiuliza "hii ina maana gani?" na mara nyingi ina maana kwamba wasubiri barua nyingine. Ndiyo kazi niliyonayo, hakuna ninachokificha tena. Kwa hiyo unaona: sina mengi ya kuacha.

Nilikwenda kwa Bwana Jeannin kuhakikisha kuhusu fungu langu. Alikuwa anakamua.

"Sijatafuta mtu," akasema bila kugeuka.

"Nilikuambia naondoka."

"Uliniambia mara moja. Bibi Vuillemin ametueleza mambo yenu. Kwa hiyo mimi na wadhamini wenzangu tumeona tungoje mpaka uage mara ya tatu."

"Hii ni mara ya pili."

"Basi bado." Akampiga ng'ombe kofi la mapenzi. "Na huyo shangazi, amekuita?"

"Amenikataza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akafikiri. "Nyie watu," akasema, "mnachosha."

Ni kweli, tunachosha. Lakini najua desturi yangu, na sitaki nikosee mara ya pili maishani kwa hapana ya kwanza, safari hii nikiwa upande wa meya. "Usijisumbue kwa ajili yangu," umeniandikia. Hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe, yale yaliyonigharimu miaka tisa ya kuni mbichi. Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, rasmi: nije? Tutafungua nyumba, tutawasha moto, utasimamia ukiwa umekaa. Mnunuzi wa Malachy anunue nyumba ya Packie. Kataa upesi basi, nipate kuuliza mara ya tatu kabla ya Pasaka, na unikubalie.

Mwanao,
Sorcha


Nyumba ya Masista, Carrick
2 Aprili 2017

Sorcha mwanangu,

Mungu awe nawe.

Usiandike ya tatu.

Nisikilize. Sista Perpetua amenipa kalamu nzuri, na mwenzangu na marehemu wake wamelala. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, na nimemcheka huyo mwenye ng'ombe mpaka chuma kikaniuma. Mwambie amesema kweli.

Ni kweli, Septemba nilikuita. Ni kweli mara ya tatu nilikuwa nimeshaiweka ulimini, na sikuitoa. Unadhani ni hasira. Kidogo ni hasira, mimi si mtakatifu, wako wa kutosha ukutani hapa. Lakini nilipokaa pale mlangoni, vipande vya udongo vimetawanyika, mgongo wangu kwa nyumba, nilikuwa nausikia moto nyuma yangu ukijifia. Uliguna kidogo, kisha kimya. Moto wa mama yangu na mama yake. Nikangoja huzuni ije. Haikuja. Lililokuja ni kama unapovua viatu vya kanisani.

Nimechoka na moto, Sorcha. Tangu niwe na miaka saba nimeamka kabla ya kila mtu kuufukua, nimelala baada ya kila mtu kuufukia. Nimekosa harusi kwa ajili yake. Nimekosa Amerika. Kila mtu alikuja akaupashia mikono, akasema "Attracta, moto wako mzuri," akaenda zake. Hata wewe ulienda, na nilifurahi ulipoenda, na sikukwambia. Nilikuita ili uje uushike mimi niuache, hiyo ndiyo kweli yake. Nilitaka kukukabidhi ndoo. Kile kitabu chako kinasemaje, tahadhari ya tisa? Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya busara niliyosoma kutoka katika kazi yako.

Nyumba nimemwambia Malachy auze. Analia, yule mchungu. Nani angedhani.

Kwa hiyo hapana. Na uielewe hapana yenyewe ni ya namna gani. Si ya kwetu hii. Ni ya hao watu wako: ukiulizwa, unajibu, na jibu linakaa. Muulize Bibi Vuillemin jinsi ya kuipokea. Nadhani mtu anafunga mlango taratibu, anakwenda kukata mti wake.

Njoo kunitazama majira ya joto, watalii wakikupa likizo. Njoo kama mgeni. Nitakukaribisha chai mara moja tu, kwa hiyo kaa tayari.

Jambo moja ninaloomba. Hapa hakunuki kitu isipokuwa waridi na supu. Kuni zako zikikauka, siku utakapozichoma mara ya kwanza, niandikie karibu na jiko. Barua fupi itatosha. Kama nitakuwepo, nitainusa. Kama sitakuwepo, Malachy ana pua.

Maliza mwaloni. Ni aibu kuacha mti umepinda hivyo umesimama peke yake.

Shangazi yako,
Attracta


Brenot-la-Côte
11 Novemba 2018

Shangazi mpenzi,

Salamu. Mimi mzima, paka hayupo tena, Bibi Vuillemin ananong'ona kwamba ana themanini na tano. Kama nilivyokuahidi nilipokuja kukutazama, majira ya joto yajayo nitakuja tena, na karata zangu mwenyewe, na nitamkalia Sista Perpetua upande wa mkono wa kulia.

Leo asubuhi nimeleta mzigo wa kwanza wa fungu la saba. Mwaloni. Bwana Jeannin alipita na trekta, akatazama dohani, akavua kofia, akaendelea na safari. Naandika nimekaa mlangoni pa jiko, na karatasi nimeiacha hapo tangu asubuhi.

Usisome. Nusa.

Sorcha


Nyumba ya Masista, Carrick
26 Novemba 2018

Sorcha mwanangu,

Mungu awe nawe, na Mariamu, na Patrisi, na wote wenye nafasi.

Nimenusa. Nikampa Sista, akanusa. Nikampa mwenzangu wa chumbani, akampa marehemu. Sote wanne tumeafikiana.

Hizo kuni bado mbichi, mwanangu. Umekuwa na haraka. Zirudishe kibandani, zingoje mwaka mmoja zaidi.

Na mimi nitangoja.

Attracta